Kitenge cha Mama Wakati wa Kiangazi



Kiangazi kimeingia. Vumbi limeanza kutua juu ya migomba kando ya barabara, vijito vimepungua, na kamati za sikukuu zimekwisha kuketi mara ya kwanza ili kutayarisha tarehe 15 Agosti, siku ya Kupalizwa Mbinguni Mama Bikira Maria. Katika vikao hivyo swali la kitenge huja mapema kuliko swali la mafungo na la maungamo: mwaka huu akina mama watavaa rangi gani, kitambaa kitanunuliwa Baraka au Uvira, na fundi yupi atashona mtindo gani. Nanyi vijana mna sauti kubwa katika jambo hilo, kwa sababu wengi wenu mmejifunza ushonaji, na kwa sababu ninyi ndio mnaoshika simu zenye picha za mitindo. Ndiyo maana tumeona vema kuwaandikia ninyi badala ya mama zenu.

Huenda mtauliza, wanaume makatekista wana neno gani juu ya mavazi ya akina mama. Tunalo moja, nalo tumelipata mlangoni mwa kanisa. Sisi tunaowajua waamini wa kila shirika kwa majina twaona ni nani hakuja siku ya sikukuu, na tukimtembelea twasikia sababu. Wako akina mama ambao Dominika zote huketi mbele, lakini siku ya sikukuu hubaki nyumbani, au husimama nje chini ya mwembe mpaka Misa iishe, kwa kuwa hawana kitenge cha mwaka huo. Wengine wanacho, lakini kimeshonwa kwa namna ambayo hawawezi kupiga magoti ndani yake. Mtu akikosa kuikaribia Ekaristi kwa ajili ya yadi sita za kitambaa, jambo hilo limekwisha kuvuka mipaka ya urembo.

Tunajua jibu la kamati. Husema kwamba sare huwaunganisha wote. Tajiri na maskini wakivaa kitenge kimoja, hakuna atakayemtambua mmoja na mwingine. Jibu hilo lina uzito, wala hatulidharau. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwakemea Wakristu waliompa kiti kizuri mwenye nguo za fahari, na kumwambia maskini asimame pembeni. Sare ingeweza kuwa dawa ya ubaya huo. Lakini huwa dawa pale tu kila mmoja anapoweza kuinunua, na kuinunua mara moja kwa miaka mingi. Sare ikibadilika kila mwaka, tena mara mbili kwa mwaka, kwa maana kitenge cha tarehe 8 Machi ni kingine, na cha jubilei ya parokia ni kingine, inageuka kuwa alama ya kumtambulisha asiyenacho. Mama aliyevaa kitenge cha mwaka juzi huonekana kutoka mbali katikati ya wenzake hamsini waliovaa kipya. Laiti wote wangevaa vitenge mbalimbali, asingeonekana hata kidogo.

Tena tukumbuke tunaishi wapi. Katika Fizi wako akina mama wengi waliokimbia vita mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mara sanduku la nguo liliachwa nyuma. Mama wa namna hiyo akipata fedha kwa kuuza mawese au karanga, kwanza atalipa ada ya shule ya mtoto. Kumwomba anunue kitenge kizima kwa ajili ya siku moja ni kumwekea mzigo, hata kama anayeomba anatabasamu.

Hayo ni ya ununuzi. Ya ushonaji yanawahusu ninyi hata zaidi.

Mitindo mnayoionyesha katika simu imevaliwa na wasichana warefu, wembamba, ambao hawajazaa, wanaosimama mbele ya kamera kwa dakika chache. Mama wa Kilembwe amebeba mimba tano au saba. Tumbo lake limelegea, kiuno kimepanuka, matiti yamenyonyesha, mabega yamekuwa mapana kwa jembe na kwa kubeba mihogo na kuni mgongoni. Huo ndio mwili wa kawaida wa mama. Hauna ugonjwa wala aibu. Fundi kijana anapouingiza mwili huo katika sketi ya mkia wa samaki, iliyobana magoti na kufungwa kwa zipu nyembamba mgongoni, kisha mama akashindwa kupumua, watu humcheka mama. Tumewasikia baadhi yenu nyuma ya kwaya mkitaja pipa na gunia. Kosa lilikuwa la mkasi.

Bibi zetu walilitatua jambo hili zamani. Kitenge cha kufunga hakina zipu wala kifungo. Mama akiwa na mimba ya miezi mitatu hukifunga hapa, akifika miezi minane hukifunga pale, akijifungua hurudi nyuma, na kitambaa ni kilekile. Cha pili, kinachofungwa juu ya cha kwanza, humbeba mtoto, hutandikwa chini msibani, hujifunikwa kichwani jua likiwa kali. Tunasema haya huku tukijua kwamba kitambaa chenyewe kina historia ya mbali: Waholanzi ndio walioiga batiki ya Java kwa mashine na kuileta Afrika, na kampuni ya Vlisco ilianzishwa katika mji wa Helmond mwaka 1846. Baadaye viwanda vilifunguliwa hata kwetu; wazee wanaikumbuka Filtisaf ya Kalemie, upande wa kusini kwetu kando ya ziwa letu hilihili, iliyosokota uzi na kufuma vitambaa. Kwa hiyo hatuwaambii kwamba kitenge ni kitakatifu kwa kuwa ni cha asili. Wakati wa Mobutu hoja ya asili ilitumika kuwakatazia wanawake suruali na wanaume tai, mpaka hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 ilipolegeza mambo, wala hatutamani siku hizo zirudi. Tunachokisifu ni akili iliyomo katika kufunga: nguo inaufuata mwili.

Basi fundi kijana anaweza kuifuata akili hiyo na bado akashona kwa mtindo wa kisasa. Tumeketi na mafundi wazoefu, wake kwa waume, na hayo waliyotueleza yanaeleweka hata kwa mwalimu asiyejua kutunga uzi katika sindano.

Kwanza apime vizuri. Mama apimwe akiwa amesimama na akiwa ameketi, maana nyonga hupanuka mtu aketipo, na nguo iliyopimwa kwa kusimama tu hupasuka kwenye benchi la kanisa. Ainue mikono yote miwili kana kwamba anaweka beseni kichwani. Libaya ikipanda mpaka tumbo likaonekana, kwapa limekatwa vibaya. Kifuani iachwe nafasi ya kutosha kuingia vidole, hasa kwa anayenyonyesha, kwa sababu titi la asubuhi halilingani na la adhuhuri. Naye anayenyonyesha afunguliwe nguo mbele, kwa vifungo au kwa pande mbili zinazopishana, ili mtoto akilia wakati wa mahubiri mama asilazimike kutoka nje na kujivua nusu ya nguo. Ndani ya mishono ya ubavuni ibaki akiba ya vidole viwili. Akiba hiyo haionekani na mtu, lakini mwaka ujao nguo itafumuliwa na kupanuliwa badala ya kutupwa. Fundi anayeikata ili kubana kitambaa amemwibia mteja wake miaka mitatu.

Kuhusu kupendeza, maana mama ana haki ya kupendeza, wala hatukubaliani na wanaodhani kwamba mama Mkristu hana budi kuvaa kama mfuko: fundi atandaze kitenge mezani kabla ya kukata na kutazama picha zilizomo. Duara kubwa au ndege mkubwa akiangukia katikati ya tumbo, macho yote yatakwenda tumboni. Akiangukia begani au chini karibu na pindo, mambo yanakuwa mengine kabisa. Mistari inayosimama humrefusha mtu mfupi. Libaya isiishie mahali nyonga zilipo pana kuliko pote. Iishie juu kidogo kwa mkunjo mwepesi unaofunika tumbo, au ishuke chini zaidi. Shingo iliyo wazi kiasi, yenye umbo la pembe, huupa uso nafasi, na jua la Agosti huupa mwili hewa. Mikono mifupi mipana hupita mikono yenye puto zilizobana kwa mpira. Sketi iwe na upana wa kumwezesha kupanda pikipiki, kuvuka kijito na kupiga magoti, na kiunoni mpira uwekwe nyuma tu, mbele pabaki laini.

Tena kitambaa. Siku hizi masokoni vitenge vingi vya bei ndogo vimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Rangi inang'aa, lakini havinywi jasho, na mama aliyesimama Misa ya saa tatu ndani ya kanisa lenye bati huloa kama aliyetoka ziwani. Njia ya kupima ni rahisi. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake hupukutika. Plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Pamba ilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa sababu hujikunja ikioshwa mara ya kwanza, na hapo lawama humwangukia mama kwamba amenenepa. Asiye na uwezo wa kununua pamba mpya, gauni pana la pamba kutoka kwenye chaguwa, likirekebishwa na fundi mwenye mkono mwema, linapita kitenge kipya cha plastiki. Tunalisema wazi kwa kuwa wako wanaoona aibu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa, twasoma habari za Tabitha wa Yopa, aliyeitwa pia Dorkasi. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa hai. Tumewafundisha habari hiyo mara nyingi kwa ajili ya ufufuko wake. Tungependa muitazame sasa kwa ajili ya zile nguo. Wajane walikuwa maskini wa mji, na kila mmoja alikuwa na vazi lililopimwa kwa mwili wake na mtu aliyemjua. Hata katika kitabu cha Mwanzo, baada ya Adamu na Hawa kuona aibu, ni Mungu mwenyewe aliyewatengenezea mavazi na kuwavika. Kumshonea mtu ili asione aibu ni kazi aliyoianza Yeye.

Tunaomba basi mambo matatu kwa kamati ya mwaka huu, na tunaomba vijana muyatetee. Kitenge kilichochaguliwa kisibadilishwe kabla ya miaka mitano, na cha zamani kihesabiwe kuwa sare halali. Asiye nacho avae alicho nacho na apewe nafasi yake katika maandamano, si mwisho wa mstari. Na mafundi vijana wa kila kikundi watenge Jumamosi mbili za mwezi Julai, uani kwa parokia, kwa ajili ya kupanua, kupunguza na kutengeneza upya nguo walizo nazo akina mama. Uzi na mpira vitoke katika fedha ambazo zingenunua mapambo ya jukwaa.

Kikao cha pili cha kamati kitakuwa kabla ya mwisho wa Juni. Mjumbe wa vijana atakayetumwa aende na hoja hizi, na achukue pia utepe wa kupimia, kwa kuwa akina mama wa kamati watakuwepo na kazi inaweza kuanza siku hiyohiyo.