MAMBO YA NYUMBANI: Mbwa Aliyeumia

Yako maneno mawili yasemwayo upesi sana barabarani mbwa anapogongwa na motokaa. La kwanza ni, "Mmalizeni." La pili ni, "Mwacheni, mbwa hujitibu kwa ulimi wake." Wasemao hivyo si watu wabaya, wengi wao hawajapata kumwona mbwa aliyevunjika mfupa akapona. Lakini mtu ambaye boma lake na mbuzi wake hulindwa na mnyama huyo usiku kucha, hawezi kuridhika na neno lo lote katika hayo mawili. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo nitakayoieleza leo.

Kwanza kabisa, ndugu msomaji, jihadhari wewe mwenyewe. Mbwa mwenye maumivu makali huweza kumwuma hata yule anayemlisha kila siku. Twaa kitambaa kirefu, ukizungushe juu ya pua yake, ukipishanishe chini ya kidevu, kisha ukifunge nyuma ya masikio. Lakini kama anatapika au anapumua kwa shida, usimfunge mdomo hata kidogo, maana atakosa pumzi.

Baada ya hayo tazama fizi zake. Fizi za mbwa mzima kwa kawaida ni nyekundu hafifu, na ukizibonyeza kwa kidole, rangi hurudi kabla ya kuhesabu mbili. Zikiwa nyeupe, huenda damu inapotea, pengine ndani ya mwili mahali usipoweza kuona. Basi hapo hakuna nafasi ya mashauri marefu. Kama damu inatoka nje, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa muda wa dakika 5 au zaidi pasipo kuchungulia. Kitambaa kikilowa usikiondoe, bali weka kingine juu yake. Kisha mlaze juu ya ubao, au juu ya gunia linaloshikwa na watu wawili, mwende kwa daktari wa wanyama. Msimvute kwa miguu, wala msijaribu kunyosha mfupa ninyi wenyewe. Tena msimpe chakula, kwa kuwa huenda daktari atataka kumpa dawa ya usingizi.

Jambo moja nalitilia mkazo. Watu wengi wenye huruma humpa mbwa vidonge walivyo navyo nyumbani, kama vile parasetamoli au ibuprofeni. Dawa hizo ni njema kwa binadamu zikitumiwa kwa kipimo chake, lakini kwa mbwa huweza kuwa sumu. Ya kwanza huharibu ini na damu. Ya pili hutoboa tumbo na kudhuru figo. Mbwa ambaye angepona mguu huweza kufa kwa kidonge.

Mwaka jana mbwa wetu, aitwaye Askari, alikanyagwa na lori ambalo halikusimama. Paja la nyuma lilisagika. Daktari alituambia wazi kwamba mguu hautafaa tena, na ya kuwa afadhali ukatwe; akataja gharama yake. Fedha hiyo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Mama yangu, ambaye kwa desturi za zamani hakupenda mbwa asogee hata mlangoni, aliuliza, "Mbwa wa miguu mitatu atamfukuza nani?" Swali hilo lilikuwa la haki, wala sikulidharau. Mke wangu alijibu kwa upole, "Mama, hafukuzi kwa miguu. Hufukuza kwa sauti." Basi mabati yakangoja mavuno mengine. Siku ya tatu baada ya kukatwa mguu, Askari alisimama na kujikongoja mpaka kwenye sufuria yake. Kabla mwezi haujaisha alikuwa akikimbia, na usiku aliposikia hatua ugenini, boma zima liliamka.

Sikuandika hayo ili kila mtu auze mabati yake. Nataka msomaji ajue kwamba mbwa hana haya ya ulemavu kama sisi. Wengi huzoea miguu mitatu katika majuma machache. Na mfupa uliovunjika vizuri, ukifungwa plasta au kutiwa chuma, kwa mbwa mzima huchukua kama majuma 6 hadi 12 kuungana, na kwa mtoto wa mbwa huwa upesi zaidi.

Katika majuma hayo ndipo uuguzi wenyewe ulipo. Mbwa afungiwe mahali padogo pakavu, atolewe kwa kamba kwenda haja tu. Plasta isilowe. Vidole vikivimba, au harufu mbaya ikitoka, au akiitafuna mchana kutwa, rudi kwa daktari siku ile ile. Tazama pia kama anakojoa, kwa maana kibofu huweza kupasuka wakati wa ajali pasipo alama yo yote nje. Asiyeweza kusimama ageuzwe upande baada ya kila saa chache, alazwe juu ya majani makavu mengi, asipate vidonda. Usimpe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha, wala mabaki ya mchuzi yenye vitunguu, kwa sababu vitunguu hudhuru damu ya mbwa.

Pengine daktari atasema hakuna tumaini. Hapo sindano yake ya usingizi usio na mwisho ni rehema, tena haina maumivu kama rungu. Waambieni watoto ukweli; msiwaambie kwamba mbwa ametoroka, wasije wakamngoja mlangoni kila jioni. Wala mtu mzima asione haya kuhuzunika kwa ajili ya mnyama aliyemtumikia miaka mingi.

Mwisho, kama jeraha ni la kuumwa na mbwa mwingine au mnyama wa mwituni, fikirini habari ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini Kenya tangu mwaka 1912, na mwaka 2014 Serikali iliweka mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Msiguse mate wala jeraha kwa mikono mitupu. Mtu akiumwa, aoshe mahali pale kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, asingoje dalili. Maana dalili zikiisha kuonekana, ni nadra sana mtu kupona. Na mbwa wote wachanjwe kila mwaka, hata yule asiyetoka nje ya boma.

Wazee walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Mara nyingi ufuko huo ni sisi wenye mbwa: ubao wa kumbebea, mahali pakavu pa kulala, na subira ya majuma machache.