Siku 90 si Miezi Mitatu

Hapa La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, nyumba nyingi za watu wetu zina mgeni wa Desemba. Safari hii wengi wanaoniuliza ni wale ambao mgeni wao alishakuja mwaka huu huu, akarudi nyumbani, na sasa wanataka aje tena. Anaweza? Anaweza, ila hesabu itangulie tiketi.

Nianze na Wakenya. Tangu tarehe 1 Januari 2023, mwenye pasipoti ya kawaida ya Kenya anaingia Afrika Kusini bila viza, kwa siku zisizozidi 90 katika mwaka wa kalenda. Watu wameshika hiyo 90 wakasahau kalenda. Siku hizo hazianzi upya kila mtu anapoingia.

Chukua mama aliyekuja kumsaidia binti yake aliyejifungua. Aliingia Februari 10, akaondoka Aprili 20. Hesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ndiyo salama: ametumia 70. Zimebaki 20. Akitua O. R. Tambo Desemba 12, zinamfikisha Desemba 31. Akitua Desemba 1, zinamwishia Desemba 20, na Krismasi hajaiona, hata majirani wakisema "ana miezi mitatu yake".

Watanzania nao huja kutembea bila viza, hadi siku 90. Ndugu wa Kongo wanahitaji viza. Kwenye nyumba ya mume wa Bukavu na mke wa Kigoma, wakwe wa upande mmoja wanapanda ndege, wa upande wa pili wanajaza fomu. Msimpe mmoja ushauri wa mwingine.

Kutohitaji viza si ahadi ya kupokelewa. Ofisa wa mpakani anaweza kuuliza tiketi ya kurudi, pesa za kujikimu na anwani ya mwenyeji, na ndiye anayeandika tarehe ya mwisho kwenye pasipoti. Tarehe hiyo ndiyo ya kufuata. Msomeni mgeni muhuri wake palepale, kabla hajaondoka dirishani. Wazee wengi huufungua wakifika nyumbani, na kama kuna kosa hakuna wa kuliuliza tena. Pasipoti iwe na uhai wa siku 30 au zaidi baada ya siku ya kuondoka. Anayetoka Kenya asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kuna ule mtindo wa kuvuka kwenda Lesotho au Eswatini asubuhi, kunywa soda na kurudi na muhuri mpya. Maofisa wanaujua kuliko sisi. Ofisa anaweza kukurudishia tarehe yako ya zamani, au akakukatalia kabisa. Anayekuuzia safari hiyo kama "kuongeza siku" anakuuzia nauli tu.

Kuzidisha siku kulikuwa jambo la faini. Kanuni za Mei 2014 ziliondoa faini zikaleta marufuku. Ukizidisha siku zisizofika 30 kwa mara ya kwanza, unaweza kutangazwa mtu asiyetakikana kwa miezi 12. Ukirudia ndani ya miezi 24, miaka miwili. Ukipitisha siku 30, miaka mitano. Bibi mmoja wa mtaa wa pili alizidisha siku nne tu, kwa kuwa mjukuu alikuwa na homa na hakuna aliyetazama kalenda. Mwaka huo mwanawe alioa hapa hapa Johannesburg, na bibi aliiona harusi kwenye simu. Aliyepewa adhabu hiyo ana siku 10 za kazi kukata rufaa, na rufaa bila ushahidi haina miguu. Kama ni ugonjwa, chukueni barua ya daktari siku ileile.

Kwa wanafunzi nitasema kwa ufupi: usije kama mtalii ukitegemea kubadilisha ukishasajiliwa chuoni. Viza ya masomo huombwa ukiwa kwenu. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ilifungua mlango kwa wenzi na watoto wa raia na wakazi wa kudumu kuombea hapa hapa, lakini mlango huo si wa kila mwenye barua ya chuo.

Na wanaorudi kwa basi, sikilizeni. Siku inayohesabiwa ni ya kuvuka mpaka. Basi kuondoka Park Station hakukusaidii. Desemba foleni ya Beitbridge inaweza kula usiku mzima, na saa sita ikipita tarehe imebadilika ukiwa umesimama kwenye mstari. Kama tarehe ya mama ni 20, mkatieni tiketi ya 17.