Fidia Ifike Nyumbani Nzima

Fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini ni badala ya nguvu zake zilizopotea. Si ngawira ya kugawanywa. Ndiyo maana suala la nani amlipe wakili wake, na kiasi gani, si dogo.

Tuitazame Florida, Marekani. Huko mwajiri aliyeshindwa ndiye humlipa wakili wa mfanyakazi. Lakini mwaka 2009 sheria ilimfunga hakimu kwa viwango: asilimia 20 ya dola 5,000 za mwanzo za mafao, na pungufu kwa zinazozidi. Wakili mmoja alifanya kazi saa 107.2 akampatia mfanyakazi dola 822.70. Ujira wake ukawa dola 164.54, yaani dola 1.53 kwa saa! Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliibatilisha sheria hiyo, kwani haikutoa nafasi ya kuonyesha kwamba ujira hautoshi.

Nani angeipokea tena kesi ya mnyonge? Mwajiri na bima wana fedha za kungojea, majeruhi hana.

Wenye dhamana Visiwani wazingatie hayo: hakimu aupime ujira kwa kazi iliyofanywa, na aliyeizuia haki ndiye aulipe.