Magendo ya Tikiti Nje ya Namboole

Ndugu wafanyakazi, wazee wetu hapa Uganda hawajalisahau neno magendo. Miaka ya 1970 sukari, chumvi na sabuni vilitoweka madukani vikaonekana mlango wa nyuma, kwa bei ya kumkausha mnyonge. Leo magendo hayo tunayakuta nje ya uwanja wa Namboole, timu ya taifa inapocheza mechi kubwa.

Mtu wa ofisini hununua tikiti yake mapema, tena siku hizi kwa simu. Sisi wa zamu na wa shamba je? Tunatoka kazini jioni, mshahara haujafika, na tukifika dirishani tunaambiwa zimekwisha. Hatua ishirini kutoka hapo kijana anazo kumi mkononi, bei mara mbili. Safari moja tulichanga, tukakodi lori, tukanunua kwake. Wenzetu wanne wakarudishwa langoni kwa kuwa tikiti zao ni za bandia. Walikaa ndani ya lori dakika 90 wakisikiliza kelele za uwanjani. Ujira wa siku mbili ulipotea hivyo.

Wako wanaosema kijana akamatwe. Haya, akamatwe, lakini yeye hana mtambo wa kuchapa, wala hakulala dirishani ili apate tikiti kumi. Yuko mkubwa aliyempa, na huyo ndiye tunayemtaka. Kijana mwenyewe pengine ni mwenzetu aliyeachishwa kazi mwaka jana.

Wala si suala la fedha tu. Tarehe 16 Oktoba 1996, mjini Guatemala, tikiti za bandia zilichangia kuujaza uwanja kupita kiasi kabla ya mechi na Costa Rica. Watu zaidi ya 80 walikufa kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Umati ukisukumana haumwulizi mtu tikiti yake ni ya halali au ya bandia.

Kwa hiyo tunadai: sehemu ya tikiti za bei ya chini iuzwe kwenye matawi ya chama, viwandani na mashambani, baada ya siku ya mshahara, kila mtu kwa jina lake na zisizidi mbili. Tunasema kwa jina lake kwa sababu tunajijua. Tawi letu liliwahi kupewa tikiti 30 za bure. Siku ya mechi tulizikuta baadhi yake kwa walanguzi langoni, na muhuri wa tawi nyuma.