Faili la Pamoja: Tafakari Kabla ya Kujibu "Ndiyo"

Katika nyumba nyingi kompyuta moja huwatumikia watu wengi. Baba huandikia barua na hesabu za duka, mama hutunza humo daftari la kikundi cha akiba, na watoto hufanyia kazi za shule. Inapojaa au kuanza kwenda polepole, mmoja wao hujitolea kuisafisha kwa kuondoa programu ambazo yeye haoni faida yake. Ni nia njema. Hata hivyo, wiki hii tunapenda kutoa tahadhari, kwani aghalabu anayeondoa programu ni mmoja, na anayekwama kesho yake ni mwingine.

Programu ya kompyuta haijitegemei kwa kila kitu. Katika mfumo wa Windows yapo mafaili yanayobeba kazi ambazo programu nyingi huzihitaji, mathalan kuonyesha madirisha, kuchapa karatasi na kufungua picha. Badala ya kila programu kuja na nakala yake, faili moja huwekwa mahali pa wote, na kila mwenye haja nalo hulitumia. Majina ya mengi kati ya mafaili hayo huishia kwa herufi DLL, na mengi hukaa ndani ya folda ya System32. Mfano wake ni nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani. Mpangaji anayehama huchukua kitanda na masufuria yake. Bomba haling'oi, hata kama yeye ndiye aliyeligharimia, maadamu wenzake bado wanachota.

Je, kompyuta hujuaje kwamba bado wapo wanaochota? Tangu Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, mfumo huweka hesabu ndani ya rejista yake, katika sehemu iitwayo SharedDLLs. Programu inapoingizwa, huongeza moja kwenye hesabu ya faili la pamoja inalolitumia. Inapoondolewa, hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, programu nyingi huuliza swali, kwa kawaida kwa Kiingereza, lenye maana hii: faili hili la pamoja halionekani kutumiwa tena na programu yoyote; je, lifutwe? Hapo wengi hukimbilia "Ndiyo", na wengine "Ndiyo kwa yote", ili kazi iishe upesi.

Tunasema wasiharakishe, kwa sababu hesabu ile ina kasoro mbili. Kwanza, inawajua wale tu waliojiandikisha. Programu iliyonakiliwa kutoka kwenye flashi bila kupitia utaratibu wa kuingizwa, au ambayo mtengenezaji wake hakujali kanuni, hulitumia faili bila kuhesabiwa. Kwa hiyo sifuri haithibitishi kwamba hakuna mtumiaji. Inathibitisha tu kwamba hakuna aliyeandikwa. Pili, anayefuta folda ya programu kwa mkono, badala ya kuiondoa kwa njia yake, huacha jina la mpangaji aliyekwisha hama ndani ya daftari. Hesabu haipungui, na programu huendelea kuonekana katika orodha ilhali haipo.

Sasa tupime hasara. Ukijibu "Hapana" kimakosa, faili lisilo na kazi hubaki kwenye diski, na aghalabu nafasi linayochukua ni ndogo. Ukijibu "Ndiyo" kimakosa, programu ya mama ya hesabu za kikundi huenda ikagoma kufunguka siku ya makusanyo, wanachama wakiwa wamekwisha keti. Hasara ya kwanza haimdhuru mtu. Ya pili humwangukia ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo kanuni ni fupi: usipokuwa na yakini, jibu "Hapana".

Ni kweli kwamba Microsoft imeziba baadhi ya mianya. Windows 2000 ililetwa na ulinzi unaorudisha faili la mfumo linapofutwa, na Windows XP ya mwaka 2001 ikaja na folda ya WinSxS, ambamo matoleo mbalimbali ya faili moja hukaa pamoja bila kugombana. Lakini ulinzi ule ni wa mafaili ya Windows yenyewe. Yaliyoletwa na programu za watengenezaji wengine hayamo.

Aidha, mtego wa siku hizi una sura nyingine. Katika orodha ya programu, msafishaji hukuta jina Microsoft Visual C++ limeandikwa mara nyingi, kwa miaka tofauti kama 2008, 2010 na 2013, tena mara kwa alama ya x86 na mara kwa x64. Hudhani yamejirudia, akayaondoa. Hayakujirudia. Toleo la 2010 haliwezi kushika nafasi ya lile la 2013, na hata katika kompyuta ya biti 64, programu za biti 32 huhitaji lile la x86. Ujumbe wa kwamba faili la MSVCR100.dll halipatikani humaanisha kwamba la 2010 limekosekana, VCRUNTIME140.dll ni la matoleo ya 2015 na kuendelea. Yaacheni yote mahali pake.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Waulize kwanza wote wanaotumia kompyuta hiyo. Tengeneza sehemu ya kurejesha mfumo, ili uweze kurudi nyuma. Ondoa programu kupitia orodha iliyomo katika mipangilio ya Windows, moja baada ya nyingine. Kisha iwashe kompyuta upya, na kila mmoja afungue programu yake ahakikishe kwamba inafanya kazi.

Iwapo madhara yamekwisha tokea, usitafute faili moja moja katika tovuti zisizojulikana. Laweza kuwa la toleo jingine, au likabeba virusi. Ingiza upya programu inayolalamika. Ikiwa kilichokosekana ni Visual C++, kichukue kwa Microsoft wenyewe. Ikiwa ni mafaili ya Windows yaliyoharibika, amri ya sfc /scannow, ikitolewa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, huyakagua na kuyatengeneza. Ya programu nyinginezo haiyagusi.

Basi anayekusudia kuisafisha kompyuta ya nyumbani juma hili, awaite kwanza wenzake wamwonyeshe wanachokitumia. Mazungumzo ya dakika kumi yatamwepushia mama aibu ya siku ya makusanyo.