Heri na Shari za Dini

Soko la Sondu, lililo mpakani mwa Kisumu na Kericho, huwakutanisha Wajaluo na Wakipsigis. Huyu huleta samaki wa ziwani, yule huleta ng'ombe, nao huuziana bila kuulizana kanisa. Ikifika Jumapili, wengi wao humwomba Mungu yule yule, kila mtu kwa lugha yake. Hata hivyo mwaka 1992, na tena mwaka 2023, watu waliuawa katika sehemu hizo kwa ugomvi uliochanganya mpaka, mifugo na siasa. Ndipo watu huuliza: dini yafaa nini, ikiwa haikuuzuia mkono uliovuta upinde?

Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa hasira. Wasemao kwamba dini hudhuru wanao ushahidi. Katika msitu wa Shakahola, huko Kilifi, miili zaidi ya 400 imefukuliwa tangu Aprili 2023. Wengi walikuwa wamefundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Nao walikuwa wamekwisha katazwa shule na hospitali.

Lakini si mbali na Sondu, huko Nyabondo, misheni ya Kikatoliki ilijenga hospitali, na wagonjwa hutibiwa humo hata leo. Kitabu ni kile kile kimoja. Tofauti ni kwamba mafundisho ya kwanza yaliwatenga watu na daktari, na mwalimu, na jirani. Ya pili yaliwafungulia mlango.

Tena mwaka 1992 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilichapisha taarifa juu ya mapigano ya mwaka ule, likawalaumu wakubwa hadharani, na likawasaidia waliofukuzwa makwao. Hapo dini haikunyamaza mbele ya wenye nguvu, wala haikuuliza anayelia ni wa kabila gani.

Basi atakaye kuijua dini ya mtu wa Sondu asimsikilize akiimba. Na amtazame usiku, ng'ombe wa jirani wa kabila jingine aletwapo zizini mwake. Akimrudisha, dini yake ni heri kwake na kwa nchi. Akimficha, wimbo wake haukuvuka mlango wa kanisa.