Kunasa Si Kuteketeza

Nimechoka na picha za shehena iliyonaswa. Mnazijua: maafisa wa afya ndani ya makoti meupe, polisi wawili pembeni, na mbele yao mikebe ya samaki na maharagwe iliyopitwa na muda, imepangwa kama zawadi za mashindano. Kesho iko gazetini. Kesho kutwa, kimya. Mimi nina swali moja tu: ile mikebe ilienda wapi?

Sheria tunayo, tena si ya juzi. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula kilichooza au kisichofaa kuliwa na binadamu, na inampa afisa uwezo wa kuingia, kukagua na kukamata. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kwa hivyo msituambie eti tunahitaji mswada mwingine.

Maneno huanza baada ya ghala kutiwa kufuli. Kumbukeni sukari. Iliingia nchini 2018, KEBS ikasema haifai kuliwa, ikaamuliwa igeuzwe ethanoli ya viwandani. Ikakaa. Mei 2023 tukaambiwa magunia 20,000 yametolewa kinyume cha utaratibu, na maafisa 27 wa serikali wakasimamishwa kazi. Sukari ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeishika mkononi! Fisi kapewa bucha alinde, halafu tunashangaa nyama imeenda wapi.

Kuna wanaosema kuteketeza chakula watu wakiwa na njaa ni dhambi. Uchungu wao nauelewa, lakini hebu tutazame huo mkebe. Mara nyingi umefura kwa sababu ndani mna vijidudu vinavyotoa gesi, na huenda kimojawapo ni kile kinachotengeneza sumu ya botulini, inayolegeza misuli hadi mtu anashindwa kupumua. Sumu hiyo yaweza kuwemo bila harufu wala ladha ya kukuonya. Njaa haiigeuzi ikawa lishe. Na tusidanganyane: mali mbovu ikichepuka ghalani haiendi Muthaiga. Inamfuata yule anayenunua kwa bei ya kutupa, bila risiti, tarehe haisomeki, na watoto wanangoja nyumbani.

Sasa nadai hivi. Kila shehena inayonaswa itangazwe kwa idadi. Siku ya kuiteketeza ijulikane, na wakazi waruhusiwe kushuhudia. Hesabu ya kilichoteketezwa ilingane na ya kilichokamatwa. Ukipungua mkebe mmoja, mwenye ufunguo ajibu mahakamani, maana kusimamishwa kazi peke yake ni likizo.

Hadi hapo, ukionyeshwa tena shehena iliyonaswa, usipige makofi. Uliza ufunguo anao nani.